Kerl wa Annegret

Neno lenyewe fupi kama kikohozi: Kerl. Jamaa, njemba, mwanamume basi. Katika mitaa ya wachimba makaa kule Herne, Ujerumani, hulisikia kutwa kucha, la kusifu na la kutukana, na sikio ndilo linalojua lipi ni lipi. Annegret alijua. Baba yake, mzee Wilfried, alipomtaja mchumba wake, lilikuwa tusi tupu.

"Yule Kerl wako anakuja tena leo?"

"Ana jina, baba. Zygmunt."

"Sikuuliza jina. Na harusini siendi, nimeshasema."

Harusi ilikuwa Jumamosi. Mama alishafariki, baba naye akigoma, Annegret angeingia kanisani peke yake kama yatima. Lo, lilimchoma hilo!

Zygmunt, fundi wa kuchomelea vyuma aliyetoka Polandi, akawakuta uani, mzee akingojea njiwa wake aliowarusha mashindanoni warudi. Alikuwa amelisikia lile neno tangu getini. Hakununa, alicheka.

"Mzee, unajua umeniita kwa jina la ukoo wetu?"

"Nimekuita Kerl."

"Ndiyo hilo! Kerl na Karl ni ndugu, zamani yote yalikuwa na maana ya mwanamume. Karl wenu mmoja akatawala, akatisha kila jirani, hata sisi tukalifanya jina lake kuwa neno letu la mfalme. Król. Na mimi ni Zygmunt Król."

Annegret mwili ulimsisimka. Neno alilokua nalo, la kufokeana jikoni na baa, kumbe lilivuka mpaka likavikwa taji! Na wao huku wanalitema tu. Alistaajabu mpaka akaogopa kulitamka.

Mabawa yakapiga juu yao. Njiwa wa kwanza akatua bandani. Mzee akamtazama ndege, akamtazama kijana.

"Kerl inne Kiste!" akasema. Jamaa ndani ya sanduku: ndivyo wanavyoshangaa kwao, wala usiwaulize sanduku gani. "Tumemrusha jamaa, karudi mfalme."

Akamwaga nafaka, akajikuna kidevu, akakohoa.

"Hiyo Jumamosi kanisani ni saa ngapi?"

Annegret akafumbua mdomo ajibu, akatanguliwa.

"Saa tano asubuhi, mzee," Zygmunt akajibu.

"Wewe nani kakuuliza?" Mzee akamsukumia kiti kwa mguu. "Keti, Kerl."

Neno lilikuwa lile lile. Annegret akalisikia si tusi tena, akaangua kilio cha furaha palepale.