Hewa ya Mwalimu Ndekirwa

1.

— Mwalimu, umeshatoa hewa?

— Bado, daktari.

2.

TANGAZO KWA WALIOPASULIWA TUMBO
Mgonjwa haruhusiwi kula hadi utumbo wake uanze kufanya kazi. Dalili mojawapo ni kutoa hewa kwa njia ya haja kubwa. Mgonjwa atoe taarifa kwa muuguzi MARA MOJA.
Uongozi wa Wodi

3.

Wewe unayesoma, usicheke. Aikaruwa, yaani Aika, mke wa Mwalimu, naye alicheka mwanzoni, sasa hana hamu. Mumewe alipungukiwa damu muda mrefu, akitibiwa vidonda vya tumbo, kumbe uvimbe umejificha kwenye utumbo mwembamba. Daktari Kihwele akaingiza kamera na vifaa vyembamba kama spoku za baiskeli, akaukata, akaunga utumbo, akafunga. Matundu manne basi. Ukimfunua Mwalimu utadhani kaumwa na siafu.

Kazi safi. Imebaki

hewa.

4.

Aliyoambiwa na mkewe ajaribu:
kutembea koridoni;
kutafuna jojo, mzee mzima wa kanisa;
kulalia ubavu;
kuacha ukaidi, maana hata mtoto mchanga anaweza jambo hili bila kufundishwa na

5.

— Umetoa?

— Bado.

— Ndekirwa.

— Nimesema bado, mama watoto.

6.

Daktari, akiwa amesimama, faili kwapani:

«Tumbo linazidi kujaa. Tukipiga picha mchana na hali ikawa hii hii, nitamrudisha ndani. Na safari hii si matundu. Nitafungua.»

Akachora kwa kidole hewani, kutoka kifuani hadi chini ya kitovu. Aika aliufuata ule mstari kwa macho.

7.

Mimi ni mgonjwa wa kitanda cha dirishani, jina langu Kinabo. Jana yule mama mzee alipokwenda kunawa, nilisikia. Kidogo tu, kama mlango wa kabati. Alivyorudi, kimya. Nimenyamaza kwa sababu sikuulizwa. Lakini nimeuona ule mstari wa daktari, na mimi nina watoto. Mama Mwalimu, sogea nikwambie.

8.

Yule mama.

Bibi Anansia, mama mzazi wa Aika, ameketi miguuni pa kitanda tangu Mwalimu atolewe chumba cha upasuaji. Khanga begani, chupa ya uji mapajani, uji ambao hakuna anayeruhusiwa kuunywa. Haondoki ila kunawa. Na Mwalimu Ndekirwa, miaka yote ya ndoa, hajawahi hata kupiga miayo mbele ya mama mkwe.

9.

Aika akainama hadi sikioni.

— Unabana?

Mwalimu akatupa jicho miguuni pa kitanda.

— Ndekirwa, unabana?

— Mama yupo, akanong'ona, jasho likimtoka.

Aika alitaka kumzaba kofi. Alitaka kulia pia. Watu wamesoma vyuo na vyuo ili wamtoboe kidogo, yeye anataka apasuliwe kama papai kwa ajili ya adabu.

10.

— Mama, tafadhali toka nje.

— Nimetoka Machame kumuuguza mkwe wangu, wewe unanifukuza?

Basi Aika akasema. Alilisema neno lenyewe, bila kulivisha nguo, wodi nzima ikasikia. Mwalimu akajifunika shuka usoni.

Bibi Anansia alitazama sakafu.

— Baba yako naye alikuwa na heshima, akasema. Alikuwa akitokwa damu chooni. Mimi mkewe hakuniambia, mpaka

11.

Akainuka. Akamkabidhi Aika chupa. Akatoka, akavuta pazia nyuma yake, na hapo hapo koridoni akaanza kuimba wimbo wa kanisani, kwa sauti ya juu kabisa ya kwaya ya akina mama, ili yeye asisikie kitu na mkwe ajue kwamba hasikii.

— Bibi, hapa ni wodini, muuguzi akasema, punguza sauti.

Hakupunguza.

12.

Ubeti wa kwanza.

Magurudumu ya machela yanakuja kumpeleka Mwalimu kupigwa picha.

Ubeti wa pili.

— Baba watoto, mama hayupo, Aika akasema. Achia.

Shuka likatikisika. Mzee Kinabo akageukia dirishani, akaziba masikio kwa vidole viwili.

Ubeti wa tatu, bado, na sauti ya Bibi Anansia imeanza kukauka. Wimbo wenyewe una beti nne.