Birika Lililofungwa Bendeji

Mume wangu ni fundi saa. Ukimwona kazini utadhani ni daktari wa upasuaji: lenzi jichoni, kibano mkononi, pumzi kaibana asije akapeperusha kigurudumu kidogo kuliko punje ya mchele. Mafundi wenzake wanamwita Sekunde. Ni mtu wa maneno machache, na mbele ya mama yangu hata hayo machache yalikuwa yanamkauka kooni.

Simlaumu. Mama alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini na sita. Yeye amestaafu, ila ukuu wake bado uko kazini. Akiingia dukani, wanaume wazima wenye ndevu na vitambi wanachomekea mashati. Mimi mwenyewe ni nesi, nawachoma watu sindano bila kupepesa macho, lakini mama akiniita kwa jina langu kamili naanza kujiuliza nimekosa nini.

Basi miaka minne ya ndoa yetu, wawili hao walikuwa wakiheshimiana mpaka inakera. Walipokutana ilikuwa mara moja moja, saa mbili tatu, tukavumilia. Kisha mama akaamua kubadilisha mabati ya nyumba yake, akaja kukaa kwetu wiki tatu.

Wiki ya kwanza nyumba iligeuka ofisi ya serikali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umeamkaje?"

"Salama mama. Wewe je, mama?"

"Salama."

Baada ya hapo kimya, unasikia hata mtu anavyomeza chai. Mume wangu alikuwa akila na shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Mama, ambaye nyumbani kwake hunyoosha miguu juu ya stuli kwa sababu ya magoti, alikaa wima kama anapigwa picha ya pasipoti. Alhamisi mume wangu akaninong'oneza chumbani, "Hivi mama yako ananichukia?" Ijumaa asubuhi mama akanivuta jikoni, akafunga mlango, akauliza, "Mumeo hanipendi, eti?"

Niliwajibu wote "hapana", na hakuna aliyeniamini.

Jumamosi nilikuwa na zamu ya mchana. Nikawaachia chakula, nikawaaga, nikatoka nikiwahurumia. Yaliyofuata nimeyapata kutoka kwa mashahidi wawili ambao hawapatani hata kwenye jambo moja, lakini nimeyalinganisha na ushahidi niliouona kwa macho, na nadhani ukweli ni huu.

Mama aliingia chumbani kwake kujilaza. Mume wangu akangoja, akasikia kimya, akaamini amelala. Akatoa meza ya pasi, akaiweka katikati ya sebule, akaanza kupiga pasi mashati yake ya wiki. Sasa mume wangu ana siri moja ambayo mimi tu ndiye niliyekuwa nikiijua: akipiga pasi, hutangaza mpira.

"Anaondoka nayo kutoka begani," alikuwa akisema kwenye ile chupa ya kunyunyizia maji, ameishika kama kipaza sauti. "Anakwenda, anakwenda, anaipita kola! Anaipita mifuko! Mikunjo miwili inamfuata lakini haimpati, huyu kijana ana mbio! Yuko kwenye kifungo cha mwisho, amebaki na kipa, anapiga... gooooli!"

Akainua mikono juu, pasi huku, chupa kule, akazunguka meza akishangilia. Alipogeuka akamwona mama mkwe wake amesimama mlangoni, kanga begani, miwani puani.

Alitamani ardhi ipasuke. Kinywa kilibaki wazi, chupa bado iko juu inamdondoshea maji kichwani.

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ile ile ya kusoma matokeo ya mtihani:

"Hilo goli silikubali. Ilikuwa ofsaidi."

"Nini, mama?"

"Ulishaipita mifuko kabla pasi haijatolewa. Nimeona kwa macho yangu. Refa gani huyo asiyeona?"

Hapo maelezo yanatofautiana. Mama anasema mkwe wake ndiye aliyeanza kucheka. Mume wangu anasema ni mama, tena alicheka mpaka akashika ukuta. Ninachojua ni kwamba baada ya dakika chache pasi ilikuwa imezimwa, jozi nne za soksi safi zilikuwa zimeviringishwa kuwa mpira, na mama alikuwa amekaa kwenye kiti kilichowekwa katikati ya goli, kwa kuwa magoti hayamruhusu kusimama muda mrefu. Kushoto kwake mto wa kochi, kulia kwake mto wa kochi. Kipa.

Mume wangu akapiga penalti tano. Mama anadai alidaka nne, mume wangu anadai mbili. Moja ilimpiga kwenye miwani, na mume wangu akapiga magoti kuomba radhi, naye akamwambia, "Inuka bwana, unapoteza muda. Sasa zamu yangu."

"Mama, magoti."

"Magoti ni yangu. Kaa golini."

Akarudi nyuma hatua tatu. Akakunja kanga, akavuta pumzi, akapiga. Mpira wa soksi haukusogea hata kidogo. Kilichotoka ni ndala. Ilipaa juu ya kichwa cha mkwe wake, ikazunguka mara mbili hewani, ikaenda moja kwa moja kwenye rafu ya kabati la vyombo, ikaligonga birika la kaure, ikadunda, ikapotelea juu.

Birika hilo ndilo zawadi ya harusi aliyotupa mama mwenyewe. Lilikuwa na maua ya buluu na ukingo wa dhahabu. Miaka minne sikuwahi kulitia hata maji, kwa kuogopa mama asije akalikuta na doa. Lilianguka taratibu, mume wangu anasema, kama linafikiria kwanza.

Walisimama wakitazama vipande. Mwalimu mkuu, aliyewasimamisha watoto mamia kwa mamia uwanjani kwa kosa la kusema uongo, ndiye aliyeuliza kwanza.

"Anarudi saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, mama."

"Una gundi?"

Mume wangu akatoa vifaa vya kazi. Lenzi jichoni, kibano mkononi. Mama akashika vipande kwa mpangilio, akimpa kimoja kimoja, akinong'ona, "Hilo ua limegeuka. Hapana, bua linaelekea chini. Vizuri. Endelea." Kwa saa tatu nzima waliinama juu ya meza hiyo, vichwa vimegusana. Gundi ikachelewa kukauka, wakafungua sanduku langu la huduma ya kwanza.

Nilirudi saa kumi na mbili kasoro. Wamekaa kwenye kochi, wima, mikono mapajani, kama ndugu wa mgonjwa wanaosubiri majibu ya maabara. Mashati yametapakaa sakafuni. Na juu ya kabati, birika la kaure limefungwa bendeji kiunoni na plasta kwenye mfuniko. Mdomo wake, uliokuwa ukitazama juu, sasa ulitazama sakafu, kama umeinunia dunia nzima.

Nikaweka mkoba chini.

"Huyu mgonjwa kalazwa lini?"

"Paka," akasema mama.

"Upepo," akasema mume wangu, wakati ule ule.

Wakatazamana.

"Ni paka," mume wangu akajirekebisha, "alisukumwa na upepo."

"Hatuna paka."

"Wa jirani," akasema mama. "Mweusi. Mnene. Nimemwona mwenyewe."

Nikamtazama mama yangu. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akisema uongo, na sasa nilielewa kwa nini: hajui kabisa. Masikio yalikuwa yamemwiva, mguu mmoja ameuficha nyuma ya mwingine. Nikautazama mguu huo. Ulikuwa peku. Nikatazama juu, na juu kabisa ya kabati, pembeni, kisigino cha ndala kilikuwa kinachungulia.

"Paka huyo," nikasema, "anavaa namba sita?"

Mume wangu ndiye aliyeshindwa kwanza. Alijizuia, mashavu yakavimba, kisha akapasuka. Mama akampiga begani, "Nyamaza wewe, umetuuza!" naye akapasuka. Nilikuwa nimechoka, miguu inawaka, nilikuwa na kila sababu ya kukasirika. Nikalichukua birika nikalipeleka jikoni, nikatia maji kidogo ili nione. Yalitoka yote kwa mdomo, mbio mbio, hata sijaliinamisha. Nikakaa sakafuni nikacheka mpaka machozi yakalowesha gwanda langu la kazi.

Baadaye mume wangu alipokuwa akimalizia mashati, mama akanifuata jikoni. Akaketi, akanyoosha miguu juu ya stuli, kwa mara ya kwanza tangu aje.

"Baba yako," akasema, "alikuwa akinichorea vikaragosi kwenye daftari la mahudhurio. Nafungua mbele ya walimu wote, nakuta kuku amevaa tai. Nilikuwa nikimgombeza kila siku."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambiaje? Ningeonekanaje?" Akavua miwani, akaifuta kwa kanga. "Tangu atutoke, hakuna mtu aliyenifanyia upuuzi. Watu wote wananiheshimu tu. Wanasimama nikiingia, wananipisha, wananipa kiti cha mbele. Heshima inachosha, mwanangu. Unakaa nayo peke yako."

Nikamshika mguu, nikaanza kumkanda goti, naye akaacha nimkande.

Mabati yalikwisha baada ya wiki tatu kama fundi alivyoahidi, jambo ambalo mama alilichukulia kama uonevu. Akatafuta sababu za kubaki: rangi haijakauka, gari limejaa, kesho kuna mvua. Akakaa wiki mbili zaidi. Kifungo cha shingoni cha mume wangu kilifunguliwa na hakikufungwa tena.

Miezi kadhaa baadaye niligombana na mume wangu, ugomvi wa kweli, kwa sababu alisahau kunifuata hospitali siku niliyokuwa na homa. Nikampigia mama kumshitaki. Nilieleza yote kwa mpangilio, nalia. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Pole mwanangu. Amekosea sana. Hebu mpe simu huyo mkosaji."

Nikampa. Akatoka nayo barazani kama mtu anayepelekwa kuhukumiwa. Kwanza nilisikia "ndiyo mama, ndiyo mama", kisha kimya, kisha kicheko amekiziba kwa kiganja, kisha "ndiyo mama" tena, ya chini.

Aliporudi alikaa pembeni ya kitanda. Hakujitetea. Aliniomba msamaha vizuri, polepole, akataja kosa lake mwenyewe bila mimi kumkumbusha, na akapima homa yangu kwa kiganja.

"Mama amesema nini?" nikauliza.

"Amesema nikuombe msamaha kwanza."

"Na hayo mengine?"

"Mengine nimeambiwa nisikuambie," akasema, akaenda kuniwekea maji ya kuoga.

Nilikuwa bado na hasira kidogo. Lakini nilimsikia huko bafuni akicheka peke yake na ndoo, nikajikuta nami natabasamu, nikavuta shuka usoni asinione.