Mkono wa Dada

Filimbi ya mwamuzi ililia, uwanja mzima ukashusha pumzi, makofi yakaanzia kwenye jukwaa la mbali yakazunguka mpaka upande wetu. Dakika ya ukimya ya kumkumbuka dada yangu ilikuwa imekwisha. Wachezaji wakaanza kurukaruka kupasha miguu. Lakini watoto wetu, niliowapanga kwenye duara la katikati na vizibao vyao vya njano, hawakutikisika. Walisimama wima, mikono ubavuni, na mmoja kamasi zilimtiririka mpaka mdomoni wala hazifuti.

Mwamuzi akapuliza tena. Wapi! Katibu wa klabu, aliyesimama nami pembeni mwa uwanja, akaninong'oneza kuniuliza watoto hawa wamepatwa na nini. Nilijua.

Mazoezi ya watoto wa mtaa aliyaanzisha dada. Klabu ilimpa kiwanja cha nyuma, kile chenye upara mbele ya magoli, pamoja na mipira iliyochoshwa na timu kubwa. Watoto wakamwita Filimbi, na si kwa ajili ya ile aliyoning'iniza shingoni. Ilikuwa sauti yake. Akimwita mtoto kutoka golini, mama yake mtoto anaitika nyumbani. Mimi mdogo wake nilipewa kazi ya kupanga koni na kujaza madumu ya maji, basi nikawa Anti Koni. Nilikwenda shingo upande, maana kwangu Jumamosi asubuhi ni ya kulala, ila dada hakuwa mtu wa kukataliwa.

Kisha koo likaanza kumkwaruza. Tukacheka, tukasema ni makelele yake mwenyewe yanamrudia. Hospitali hawakucheka. Walimtoa zoloto lote, kile kisanduku cha sauti kooni, wakamwachia tundu dogo shingoni la kupumulia, na ile sauti ikaenda hivyo, sijui wapi.

Alirudi kiwanjani daktari hajamruhusu, tundu amelifunika kwa kitambaa cha maua. Kwa mazoea akatia filimbi mdomoni, akavimbisha mashavu. Pumzi haikuwa ikipita huko tena. Watoto walimtazama, naye akawatazama, kisha akacheka bila sauti, mabega tu yakimtikisika. Mimi nikageuka nikajifanya natafuta koni.

Kwanza nilimpulizia mimi. Ananigusa bega, napuliza. Basi kila mara nilichelewa: mtoto ameangushwa, ameinuka, amekwisha kupatana na aliyemwangusha, ndipo mimi naliza filimbi yangu. Dada alikuwa akinitazama kwa jicho ambalo halikuhitaji zoloto. Na timu kubwa nayo ilifanya mazoezi kiwanja cha jirani, kwa hiyo filimbi yao ikilia, wetu wanasimama. Yangu ikilia, wetu wanadhani ni yao. Vurugu tupu.

Siku moja akaninyang'anya filimbi akaitumbukiza ndani ya mfuko wa mipira. Akaenda kusimama pale penye mstari wa katikati, pembeni, akainua mkono wa kulia. Midomo yake ikacheza, nami niliyekuwa nimeshazoea kuisoma nikawatangazia watoto.

"Filimbi yoyote msiijali. Tazameni mkono huu. Ukiwa juu, simama ulipo. Ukishuka, endelea. Hata dunia nzima ipulize."

Walilipenda jambo hilo kuliko mpira wenyewe. Walijifunza kucheza jicho moja kwenye mpira, jingine kwa dada. Wachezaji wa timu kubwa walikuwa wakija kwenye uzio na filimbi zao, wakipuliza makusudi kuwahadaa, na hakuna mtoto aliyegeuza hata shingo. Wale wakubwa walibaki hawana mbavu kwa kicheko. Dada alijishika kiuno, mkono wake mmoja uko juu, amejaa fahari hata sijui niielezeje.

Ugonjwa ukarudi. Safari hii hawakuzungumzia kukata kitu, na mimi nilielewa ingawa sikuuliza. Nilikuwa nakwenda wodini alasiri kumpa habari za kiwanja, nani kafunga, nani kang'oka jino. Alasiri moja akanishika kiganja, midomo ikasema nijifunze mkono. Nikajitia hamnazo. Nikamwambia mwanga ni hafifu leo, sisomi vizuri. Akarudia polepole, kama anayemfundisha mtoto herufi.

"Jifunze mkono, mdogo wangu. Watasimama mpaka lini?"

"Utarudi mwenyewe Jumamosi," nikamwambia.

Akaukamata mkono wangu wa kulia akauinua juu ya kitanda. Nguvu hana, na bado aliuinua. Niliutoa mkononi mwake taratibu, nikaanza kunyoosha shuka ambalo lilikuwa limenyooka tayari. Kujifunza kulikuwa ni kukubali kwamba anakwenda, na mimi nisingekubali hata kama angeniambia daktari mwenyewe. Dada akanitazama kidogo, akafumba macho. Jumamosi haikumkuta.

Baada ya mazishi katibu alinifuata nyumbani akaniomba niwachukue watoto. Nikamwambia atafute kocha, mimi ni mtu wa koni na maji. Akasema ametafuta na hakuna, na kwamba nikikataa, kiwanja kile kitageuzwa maegesho ya magari na mpango wa watoto utafungwa. Hakusema kwa ubaya. Nikakataa. Basi ikapangwa watoto waje kwenye mechi hii, uwanja usimame kimya kwa ajili ya dada, na iwe ndiyo kwaheri yao pia.

Nilipowapanga kwenye duara sikuwaambia mengi. Niliwaambia tu wasimame kama Kocha alivyowafundisha. Jamani. Katika huzuni yangu nilisahau alivyowafundisha.

Mwamuzi alipuliza mara ya tatu, sasa kwa hasira. Watu wakaanza kunong'ona. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba watoto hawakuwa wakitazama mbele tu. Nilikuwa nimesimama penye mstari wa katikati, pembeni, mahali pake. Walikuwa wananitazama mimi.

Sikuwahi kujifunza. Lakini Jumamosi zote zile nilisimama ubavuni mwake, na mkono wangu ulijua wenyewe. Ukapanda. Uwanja ukanyamaza tena, wakidhani ni sehemu ya shughuli. Sikutaka kuushusha. Ukiwa juu, haya yalikuwa bado mazoezi yake, na yeye labda kaenda kunywa maji tu, anarudi. Nilimlilia dada yangu pale mbele ya watu wote, mkono juu, bega likiniuma, na hakuna mtoto aliyetikisika.

Kisha nikaushusha.

Wakatimka mbio kuja pembeni, vizibao vinapepea, na nyuma yao mechi ikaanza. Kipa wetu, msichana mwenye mapengo, alinifikia wa kwanza. Akajifuta jasho, akanipandisha na kunishusha kwa macho.

"Anti Koni, umechelewa."

"Nimechelewa," nikamwambia. "Jumamosi nitawahi."