Kinu cha Bi Wardia

Bi Wardia alikuwa akitwanga vitunguu saumu vya supu pale mtaa mzima wa Bab el-Oued ulipoanza kulia. Kila magharibi wanawake walitoka kwenye roshani na vinu vyao vya shaba, wakavigonga kwa ajili ya vijana waliokamatwa kwenye maandamano ya Ijumaa. Yeye aliweka mchi chini, akafunga dirisha. Mwanawe Lunis alikuwa miongoni mwa vijana hao, na Inspekta wa polisi alishamwambia wazi: "Nyumba yako ikinyamaza, mama, mtoto atatoka kabla ya Ramadhani. Ikilia, usinilaumu."

Bi Hizia, jirani yake, alimkoromea ng'ambo ya kamba ya nguo.

"We Wardia! Mwanao yuko ndani, nawe umejifungia kama mwali?"

"Niache, dada. Kwa mwoga huenda kicheko."

"Haya, hicho kicheko kiko wapi?"

Bi Wardia alianua shuka ambazo hazijakauka, akaingia ndani.

Magharibi iliyofuata kinu chake kilianza chenyewe. Mchi ulikuwa ndani ya droo, kinu kiko rafuni, kitupu, kinalia ngo, ngo, ngo, sambamba na vya wenzake. Bi Wardia hakushangaa, aliogopa. Alikijaza chumvi, akakiviringisha blanketi, kisha akakikalia. Kiliendelea kulia chini yake mpaka meno yakagongana.

Inspekta alipobisha, Bi Wardia alifungua. Inspekta akavua kofia, akasikiliza.

"Naapa hakuna anayekigonga, mwanangu."

"Najua. Cha mke wangu nacho kinalia. Tumekifukia kwenye gunia la ngano, wapi!"

"Si uwaambie wakubwa, basi?"

"Wakubwa wamesema nilete vinu, bi mkubwa. Hawakusema niulize vinalia kwa nini."

Alikunywa kahawa aliyotengewa. Kisha akakitia kinu kwapani, akashuka nacho ngazi kikiwa bado kinalia. Majirani walivuta milango yao polepole.

Asubuhi mlio ulikuwa umehamia kifuani mwa Bi Wardia, nao haukungoja tena magharibi. Daktari aliweka chombo chake, akasikiliza, akasema ni shaba, akamwandikia dawa za presha. Bi Wardia alizimeza zote, maana Ramadhani ilikuwa inakaribia na nyumba ilitakiwa kuwa kimya.

Mwezi uliandama, Lunis hakutoka. Badala yake mama aliruhusiwa kumwona. Alivaa makoti mawili, akaingia ukumbi wa wageni gerezani amekumbatia kifua kwa mikono yote. Ngo, ngo, ngo. Familia nyingine zikanyamaza. Askari wa zamu akaongeza sauti ya redio, ikawa haitoshi, akaizima.

Lunis aliletwa nyuma ya wavu, amekonda, shavu limevimba. Bi Wardia alihofu mlio ule utamwongezea mwanawe miaka ya kifungo, hata akasahau salamu.

"Nimenyamaza, mwanangu," alisema haraka. "Nyumba nzima kimya, kama walivyotaka."

Lunis akaangalia midomo ya mama. Akaegemeza sikio moja kwenye wavu, halafu la pili.

"Sema kwa nguvu, mama," alisema. "Tangu waliponihoji, sisikii kitu."