Nafasi ya Mshono

Kwanza niseme ukweli: mimi si mkimbiaji wa kuogopwa. Miaka sita nimekimbia mbio ndefu, zile za kilometa ishirini na moja, na kila mara nimefika wakati watu wa meza ya maji wameshaanza kukusanya vikombe. Sikujali. Mimi ni karani wa masjala, nashinda kutwa nikitafuta mafaili ambayo mtu mwingine kayaweka mahali pasipo pake, kwa hiyo subira ninayo. Au nilikuwa nayo mpaka mwaka huu.

Mwaka huu binti yangu, kifungua mimba wangu, ambaye ni muuguzi, alipata kazi mbali, mkataba wa miaka mitatu. Wiki moja kabla ya safari yake kulikuwa na mbio za kilometa tano, za timu za watu wanne, naye alikuwa ameshachaguliwa kwenye timu ya kikundi chetu cha mbio. Ilibaki nafasi moja. Nafasi ile niliitaka mpaka usingizini. Nilitaka nivae fulana moja na mwanangu, nisimame naye kwenye mstari mmoja, walau mara moja kabla hajapanda ndege.

Kocha wetu ni mwalimu mstaafu wa michezo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Akaweka sharti: anayetaka nafasi amalize kilometa tano chini ya dakika thelathini siku ya majaribio. Mimi nilikuwa na thelathini na tatu na ushee. Na nyuma yangu, ananipumulia kisogoni, alikuwepo mama wa duka la dawa, mwenye miguu mirefu na maneno machache. Mtu wa namna hiyo ni mbaya kushindana naye, maana hata kumchokoza huwezi.

"Karani, wewe umejifunza kutochoka," Kocha akaniambia. "Sasa jifunze kuchoka."

Akanipangia wiki saba za mbio za vipande. Jumanne vipande sita vya mita mia nne, kila kimoja kwa dakika mbili na sekunde ishirini na nne, natembea dakika mbili, narudia. Alhamisi vipande vifupi vya mita mia mbili, kwa kasi ya mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Jumapili mbio nyepesi, za kupiga soga. Siku zilizobaki ni kupumzika, na hapo kwenye kupumzika alipiga mstari mara mbili, kwa sababu ananijua. Kukimbia kilometa tano nzima akanikataza mpaka siku yenyewe. Karatasi nikaibandika kwenye mlango wa kabati.

Uwanja ulikuwa umefungwa kwa ukarabati, mume wangu akajitolea kunipimia barabara ya nyuma ya maghala. Baba Watoto ni fundi cherehani, mwaka wa thelathini huu, na tangu nimjue hajawahi kukimbia hata mvua. Alikata kamba ya mita kumi akiipima kwa utepe wake ule unaoshinda shingoni, akaitandaza barabarani mara arobaini huku mimi nikishika ncha, akapiga alama mbili kwa rangi ya mabati iliyobaki. Mia nne, akasema, akapangusa mikono na kurudi kwenye suruali zake.

Basi nikaanza. Lo, vipande vina adabu yao. Kwenye mbio ndefu mtu unaweza kujidanganya saa nzima, ukawaza mboga, ukawaza bosi. Kwenye kipande huna pa kujificha. Kile cha kwanza unajiona swala, cha tatu unaanza kumchukia Kocha, cha tano unajichukia mwenyewe. Wiki ya kwanza nilipata dakika mbili na sekunde hamsini. Ya tatu, arobaini na moja. Ya tano, thelathini na mbili, nikarudi nyumbani nikiimba.

Nikakwama hapohapo. Wiki ya sita, thelathini na mbili. Jumanne ya mwisho kabla ya majaribio nilijikaza kisabuni mpaka macho yakaona giza, vipande vyote sita: thelathini na mbili, thelathini na mbili, kama saa imeganda. Nilikaa juu ya jiwe nje ya ghala nikalia kwa hasira. Sekunde nane. Unaweza kumuomba mtu pesa, au hata figo, lakini sekunde nane utamwomba nani?

Jumatano nikampigia Kocha, nikamwambia ampe nafasi mama wa duka la dawa, mimi sitakuja kuaibika mbele za watu. Halafu nikampigia binti yangu. Akasema sawa mama, kwa ile sauti anayowasemeshea wagonjwa wake. Sawa ile iliniuma kuliko vipande vyote.

Alhamisi, badala ya kwenda kukimbia, nilitoka kazini nikaenda kununa kwenye kibanda cha mume wangu. Alikuwa anakata suruali. Mimi nalalamika, yeye anaitikia kwa kuguna, pini ziko mdomoni. Anapima, anaweka vidole vinne mbele ya alama, nafasi ya mshono, ndipo anapiga chaki. Anapima, vidole vinne, chaki. Nimemwona akifanya hivyo tangu tuko wachumba. Siku ile ndiyo nikavitazama vile vidole.

"Baba Watoto," nikamuuliza, "ile kamba uliipimaje?"

Akatoa pini mdomoni, taratibu, moja moja.

"Kama ninavyopima kila kitu. Mita, naachia vidole vinne. Mita, naachia vidole vinne. Kupunguza ni rahisi, mama. Kuongeza ndiyo kazi."

Nilimfokea mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akaghairi kuingia. Nikamwuliza barabara ina mshono gani. Akajitazama mkono, maskini, kana kwamba ni wa mtu mwingine, akasema umezoea, unaenda wenyewe. Nikanyakua chaki nikapiga hesabu juu ya meza yake. Vidole vinne vyake ni sentimeta saba. Mara mia nne ni mita ishirini na nane. Wiki saba nimekimbia mita mia nne ishirini na nane nikizihesabu mia nne. Nikagawanya, nikarudia kugawanya, kwa sababu sikuamini: mia nne halisi nilikuwa nazimaliza kwa dakika mbili na sekunde ishirini na mbili.

Nikampigia Kocha palepale. Akasema nafasi ameshamwahidi mwenzangu. Kisha akavuta pumzi.

"Lakini saa yangu haina ahadi na mtu. Njoo Jumamosi. Atakayetangulia chini ya thelathini, ndiye."

Jumamosi asubuhi binti yangu alitoka zamu ya usiku akaja moja kwa moja kwenye njia aliyoipima Kocha mwenyewe, hajalala, akakimbia ubavuni mwangu. Mama wa duka la dawa alikuwa hatua kumi mbele tangu mwanzo. Kilometa ya nne tukapita kwa dakika ishirini na nne na sekunde tano. Nilikuwa nimechelewa sekunde tano, na pumzi nimezimaliza. Mita mia nne mbele, pale ambapo kipande huisha, mwili ukaomba kusimama. Lakini miguu yangu ilikuwa na desturi yake: wiki saba, kila ilipodhani imefika, ilidaiwa vidole vinne zaidi. Ikaenda yenyewe, kama mkono wa fundi. Tulimpita mama wa duka la dawa karibu kabisa na mstari. Ishirini na tisa, hamsini na mbili. Yeye alifika sekunde tatu baadaye, akanishika mkono akasema hongera, neno lake la kwanza mwezi ule.

Mbio zenyewe tulikuwa timu ya kumi na moja kati ya ishirini, na nilifurahi kama tumeshinda. Nilisimama na mwanangu kwenye mstari, tumevaa fulana za kijani alizotushonea baba yake. Ninayo picha.

Siku ya kufunga sanduku lake nilizikunja fulana zetu mbili zikiwa zimegeuzwa, ndipo nikaona mishono. Yangu ilikuwa imekatwa barabara, haina hata uzi wa ziada. Ya binti yetu ilikuwa na kitambaa kimekunjwa ndani, vidole vinne upande huu, vidole vinne upande ule. Nikampelekea mume wangu nikamwonyesha, nikidhani mkono umeenda wenyewe tena.

"Hiyo nimekusudia," akasema. Hakuinua macho kutoka kwenye cherehani, na cherehani haikuwa inashona. "Miaka mitatu ni mingi, atanenepa. Akirudi, ataniletea nimpanulie."

Safari hii sikumfokea. Nilivuta kigoda nikakaa karibu naye, fulana ikiwa mapajani mwangu, mpaka binti yetu alipotuita kwamba gari limefika.