Kumsomea Samia

Duka la vitabu la Bwana Alawi limo katika chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na mama yake, mjini Bagamoyo. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, baada ya swala ya alasiri, husogeza meza ya kamusi ukutani, hupanga viti ishirini na vinne, kisha humkaribisha mwandishi mmoja asome kazi yake. Jumamosi ile mwandishi nilikuwa mimi. Nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, na kitabu changu cha kwanza, hadithi sita katika kurasa themanini, kilikuwa hakijatimiza wiki mbili tangu kitoke.

Hadithi niliyoichagua ilimhusu Samia, jirani yetu wa zamani tulipokuwa tunakaa Kaole. Miaka kumi na mitatu iliyopita, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, Samia alipanda gari asubuhi kwenda Msata kumtazama shangazi yake aliyejifungua, na hakufika. Taarifa ilipelekwa polisi, jamaa walizunguka hospitalini, redio ilitangaza. Hakuna aliyemwona. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na ninachokikumbuka zaidi ni ukimya uliofuata. Watu wazima walilikwepa jina lake kama wanavyolikwepa shimo katikati ya njia.

Nilipoanza kusoma fasihi niliamini, na bado natamani kuamini, kwamba mwandishi ana wajibu wa kuwarudishia majina watu walionyang'anywa. Ndiyo maana sikulibadili jina la Samia. Kulibadili, nilijiambia, kungekuwa kumpoteza mara ya pili. Mwisho wake niliubuni. Katika hadithi yangu aliugua ghafla, akaomba ashushwe kando ya barabara kabla ya kufika Msata, na wachoma mkaa wakamkuta amekwisha kufa. Wake zao wakamwosha na kumsitiri. Kwenye ncha ya kanga yake walikuta fundo la karafuu, dawa ya kichefuchefu cha safari. Kanga wakaifua, wakaitunza, lakini fundo hawakulifungua.

Sikwenda kumwomba ruhusa mama yake, Bi Ashatu. Nilijisingizia kwamba sitaki kumtonesha kidonda. Ukweli ni kwamba niliogopa angenikatalia.

Siku ile viti vilijaa mapema. Bi Ummy, jirani wa duka ambaye hakosi hata Jumamosi moja, alikuwa amekwisha kuionja chai.

"Alawi, hii chai umeionyesha sukari kwa mbali tu?"

"Bi Ummy, umekuja kusikiliza au kukagua?"

"Masikio yangu hayafunguki na chai chapwa."

Watu walikuwa bado wanacheka nilipomwona Bi Ashatu mlangoni, amejitanda kanga mbili, viatu vimejaa vumbi la Kaole. Nilikwenda kumpokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Wahida. Nimeambiwa umepata habari za Samia."

"Nimeandika hadithi, mama."

"Ndiyo. Nimekuja kuzisikia."

Alipishwa kiti cha nyuma kabisa, akakaa, akaweka mikono magotini. Pale pale ningemweleza tofauti iliyopo kati ya hadithi na habari. Lakini Bwana Alawi alikuwa ameanza kunitambulisha, watu wakapiga makofi, nami nikaenda kuketi mbele.

Nilisoma vizuri, nakiri hivyo kwa aibu. Nilipunguza sauti palipohitaji, nikatua palipostahili. Nilipofika kwenye mazishi nilisoma: "Wakamzika marehemu Samia binti Abdillah chini ya mkwaju, na kati yao hapakuwa na mtu aliyelijua jina lake."

"Al-Fatiha," akasema Bi Ummy.

Hakudhamiria lolote. Kwetu, marehemu akitajwa mbele ya watu kwa jina lake na la baba yake, mikono hunyanyuka yenyewe. Chumba kizima kilinyanyua mikono. Hata mimi nilikilaza kitabu mapajani nikasoma pamoja nao, na nilikuwa napangusa uso kwa viganja nilipoona kwamba mikono ya Bi Ashatu ilikuwa bado magotini.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo Kaole nzima inalijua. Kwa miaka kumi na mitatu Bi Ashatu hakuruhusu hitima ya Samia. Kila Shaabani, Mwalimu Bwanausi anapokusanya karatasi zenye majina ya wafu wa kila nyumba ili awaombee, Bi Ashatu huisoma ya kwake mara mbili, asije mtu akawa ameongeza jina. "Mwanangu yuko safarini," husema, na anayebisha huondolewa uani. Mimi nilikuwa nimewafanya watu zaidi ya ishirini wamwombee mwanawe dua ya maiti, naye anatazama.

Niliimaliza hadithi, ingawa sijui nilivyoimaliza. Bwana Alawi alipokaribisha maswali, Bi Ashatu alisimama.

"Hiyo habari ya karafuu. Nani kakwambia?"

"Hakuna, mama. Nimebuni."

"Umebuni nini?"

"Yote. Ugonjwa, wachoma mkaa, kaburi. Mimi sijui lolote lililomfika Samia."

"Samia akipanda gari alikuwa anatapika," alisema, taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Asubuhi ile nilimfungia karafuu kwenye kanga. Tulikuwa wawili, chumbani, mlango umefungwa. Aliniambia nisimwambie mtu, anaona haya, msichana mkubwa kutapika garini. Hata baba yake amekufa sijamwambia."

Bwana Alawi alikohoa. "Bi Ashatu, wasafiri wengi hubeba karafuu."

"Wengi, baba. Sikatai." Hakumtazama. "Wahida, zilikuwa ngapi?"

Kitabuni sikuandika idadi. Sikuwahi kuifikiria.

"Tano," nikasema. "Moja haina kichwa."

Maneno yalitoka kinywani mwangu kabla sijajua kwamba ninayo. Bi Ashatu alikaa chini polepole, mkono mmoja ukikitafuta kiti.

"Na fundo lilikuwa halijafunguliwa."

"Halijafunguliwa, mama."

"Basi hakutapika," alisema, kwa sauti ya mtu aliyepewa nafuu ndogo. Kisha alijitanda vizuri, akatoka. Nilipofika mlangoni nilikuta bajaji yake imekwisha kukata kona.

Siku tatu baadaye Bi Ummy aliniletea ujumbe: Ijumaa, baada ya alasiri, kuna hitima ya Samia.

Siku hizo zote nilijipekua. Nilijiuliza kama utotoni niliwahi kuchungulia, lakini chumba cha Bi Ashatu hakikuwa na dirisha upande wetu, na asubuhi ile mimi nilikuwa shuleni. Nilijiuliza kama kuna aliyenisimulia. Asingekuwepo wa kunisimulia. Nilikisoma kitabu changu kama kimeandikwa na mtu mwingine, na kila ukurasa wa hadithi ile nilihisi mtu amekwisha kuupitia kabla yangu.

Ijumaa nilikwenda Kaole mapema, nimekusudia kuizuia hitima. Nilimkuta Bi Ashatu uani anachambua mchele, na nyuma yake mlango wa uani ulikuwa na komeo jipya la chuma. Nilipiga magoti mbele ya ungo.

"Mama, naomba uahirishe. Nilikisia tu. Tano ni idadi ambayo mtu yeyote angeitaja."

"Na ile isiyo na kichwa?"

"Karafuu nyingi hukatika vichwa."

Alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

"Sikiliza. Miaka kumi na mitatu mlango ule sijautia komeo. Kuku akiugusa, mimi nimeshasimama. Nikipika, namwekea. Sijalala kwa dada yangu hata siku moja, nisije nikapishana na mwanangu. Wewe umenipa kaburi, Wahida. Umenipa na mti wa kukaa chini yake. Leo unakuja kuninyang'anya?"

"Lakini kama si kweli, mama?"

"Kama si kweli, Mungu hatamkosa wa kumpa dua hiyo." Alijipangusa mikono, akachomoa karatasi na kalamu chini ya mkeka. "Una mwandiko mzuri. Mwandike hapo, chini ya baba yake."

Nilikuwa nimeingia katika uandishi ili nirudishe majina. Niliandika *Samia binti Abdillah*, herufi zimesimama vizuri, na wino ulipokauka niliona ni neno zito kuliko kitabu changu chote.

Hitima ilisomwa. Wanaume walikuwa barazani na Mwalimu Bwanausi, wanawake tulikuwa uani, vichwa vimeinama. Baada ya kisomo Mwalimu aliichukua karatasi, akaanza kutaja majina, nasi tukawa tunaitikia amin kwa kila moja. Alimtaja Abdillah. Kisha akamtaja Samia.

"Amin," tukaitikia.

"Hodi," ikasema sauti nje ya mlango wa uani.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, bado kijana. Dua ikiendelea hakuna anayeitikia hodi, na hakuna aliyeinua kichwa. Nilijiambia ni jirani aliyechelewa. Jirani, hata hivyo, angezungukia mlango wa mbele, ambako watu wote walipitia.

"Hodi."

Nilimtazama Bi Ashatu. Macho yalikuwa yamefumba, midomo inatembea.

"Hodi hapa."

Kwetu mgeni hubisha hodi mara tatu. Asipokaribishwa, huenda zake bila kinyongo. Nilikusanya kanga yangu niinuke. Mkono wa Bi Ashatu ulinishika kiganjani, mkavu, una nguvu ambazo sikuzitarajia.

"Kaa, mwanangu," alisema, macho yake bado yamefumba.

Nikakaa. Ndala ziliondoka kwa kufuata ukuta, bila haraka, zikasimama mara moja, kisha zikaendelea kuelekea barabarani. Mkono ulikuwa haujaniachia. Mwalimu alitaja jina lililofuata, nasi tukaitikia amin.