Picha ya Siku ya Tatu

Picha ile ile niliituma mara tano. Ilikuwa picha nzuri, kama mshono unaweza kuitwa mzuri: mstari mwembamba chini ya kitovu cha wifi yangu, mkavu, umetulia, na pembeni yake pindo la kanga ya buluu lililokunjwa. Kila asubuhi niliitafuta humo simuni, nikaibonyeza, ikaenda zake hospitali. Haupiti muda, jibu linarudi: "Mashaallah, mnaendelea vizuri." Nami nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahia jibu la picha ya uongo.

Wifi yangu Mwanamize, mke wa kaka yangu Haitham, alijifungua kwa kupasuliwa. Siku aliyoruhusiwa, Nesi Zulekha alinikalisha kitako akanifundisha kazi. Kijiji chetu cha Msuka ni mbali, alisema, na mzazi mwenye mshono hawezi kutikiswa garini kila siku. Basi mimi mwenye simu niwe jicho la hospitali kwa siku kumi na nne. Nimsafishe, nimlaze karibu na dirisha, nipige picha, niitume pamoja na majibu: ana homa? Mshono unauma? Unatoa maji au usaha? Kaka yangu alikuwa Mtambile kwenye uchumaji wa karafuu, kwa hiyo amana yote iliniangukia mimi.

Siku za mwanzo nilifanya kama nilivyofundishwa. Siku ya tatu Nesi Zulekha alituma ujumbe wa sauti, nikaufungulia chumbani tusikie sote: "Daktari Suhail kaiona picha, karidhika nayo."

Mwanamize alimwachisha mtoto ziwa. "Suhail yupi?"

"Suhail wa Mzee Mmanga. Kwani wako wangapi?"

Akajifunika kanga mpaka kidevuni. Suhail alikulia nyumba ya pili kutoka kwao. Walisoma chuo kimoja cha Kurani, mkeka mmoja, na kabla ya kaka yangu ilikuwapo posa iliyopelekwa ikarudishwa kwa adabu. Sasa kijana yule yule aliyekataliwa ndiye anayekaa ofisini kutazama kinena cha mke wa mtu.

"Asma, picha basi," aliniambia. "Mshono si ushakauka? Niapie hutonipiga tena."

Nikaapa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini huyu alikwisha kuzaa, na sitara ya mwanamke kwetu si kitu cha kuchezea. Mama yangu, Bimkubwa, aliposikia aliniunga mkono. "Hilo ndilo la maana," alisema. "Nsitiri wifiyo."

Tatizo ni kwamba hospitali isipopata picha ingempigia kaka yangu, na kaka angetaka kujua kulikoni. Ndipo nilipoona njia nyepesi. Picha ya siku ya tatu ipo, tena nzuri, itume. Majibu nilimwuliza mwenyewe. "U hali gani?" "Alhamdulillahi." Basi naandika hana homa, haumwi. Kana kwamba kwetu kuna mtu anayejibu vingine. Hata anayekata roho, ukimwuliza hali, huanza kwa kushukuru.

Tena chumba kilifukizwa udi asubuhi na jioni, kama chumba cha mzazi kinavyostahili. Udi ni mzuri, ila huficha mengi.

Siku ya nane, baada ya sala ya adhuhuri, niliingia na uji wa pilipili manga nikamkuta anatetemeka, meno yanagongana, na nje jua linachoma. Nilimgusa paji la uso, mkono ukarudi wenyewe. Nikafunua kanga. Ule mstari mwembamba haukuwapo tena. Ngozi ilikuwa imevimba, nyekundu, inang'aa, na upande wa kushoto mshono umeachia unatoa usaha. Harufu iliyonipiga haikuwa ya udi.

Nilipiga namba ya hospitali. Aliyepokea hakuwa Nesi Zulekha.

"Daktari Suhail hapa."

"Mwanamize ana homa kali, Daktari. Anatetemeka mwili mzima."

"Ngoja nitazame." Akarudi simuni. "Picha ya asubuhi ninayo mbele yangu, mshono safi. Huenda ni homa ya maziwa. Matiti yamejaa?"

Nilimtazama Mwanamize. Alikuwa amenishika kifundo cha mkono. "Umeniapia," alisema kwa sauti isiyofika mlangoni, alikosimama mama na mtoto kifuani. Nilijua nikinyamaza homa itaandikwa ni ya maziwa, na mwanamke huyu atakufa na heshima yake yote. Nilijua pia nikisema, hakuna wa nyumba hii atakayeniamini tena. Niliogopa yote mawili, na naona haya kukiri kwamba kwa muda sikujua lipi nililiogopa zaidi.

"Daktari, hiyo picha ni ya siku ya tatu."

"Ya leo iko wapi?"

"Haipo. Tangu siku ya nne nakutumia hiyo hiyo."

Hakunikaripia. "Piga sasa hivi," alisema. "Nangoja."

Mwanamize aliweka viganja viwili juu ya mshono. "Niwache, Asma. Niwache miye."

Nilimwomba radhi, kisha nikaiondoa mikono yake, mmoja baada ya mwingine. Haikuwa na nguvu ya kunizuia. Mama alikuja akalifungua dirisha lote, mwanga ukaingia, akageuza uso. Nikapiga. Sijawahi kumfanyia mtu ukatili kama ule, na leo hii ningeufanya tena.

"Mleteni," alisema Suhail kabla sijaiweka simu sawasawa sikioni. "Msisubiri gari la wagonjwa. Tafuteni gari lolote."

Tulimlaza kwenye gari la mizigo la jirani, kichwa chake mapajani mwangu. Barabarani aliacha kunisihi, halafu akaacha kusema kabisa. Nilisoma kila dua niliyoijua, na zilipokwisha nikaanza upya.

Walimwingiza chumba cha upasuaji moja kwa moja. Alasiri ilikuwa imekwisha kuingia Suhail alipotoka, akaketi kwenye benchi langu na kuacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu.

"Tumeufungua tukausafisha," alisema. "Lakini sumu imeshaingia kwenye damu. Siwezi kukuahidi kitu."

"Kosa ni langu."

Alitoa simu yake akanionesha zile picha tano, moja chini ya nyingine. "Itazame kanga. Pindo lile lile, siku tano. Hata asiyesoma udaktari angeliona."

"Una wagonjwa wengi, Daktari."

"Wa picha ninao sita tu." Alifuta uso kwa kiganja. "Za wengine huzikuza, nikazitazama mpaka tundu za sindano. Hii nilijua ni ya nani. Kila ilipoingia niliinamisha macho, nikaandika vizuri. Nilidhani namsitiri."

Tulikaa hivyo, watu wawili wenye adabu zao, mpaka alipoitwa ndani.

Magharibi waliniruhusu kuingia. Mwanamize alikuwa na mipira miwili ya dripu mkononi na midomo imepasuka. Nilidhani amelala, mpaka alipofumbua macho.

"Nani kanipasua?"

Jina la Nesi Zulekha lilinijia ulimini, tayari, tamu. Ningeweza kusema walikuwa wanawake watupu, na angelala kwa raha.

"Suhail," nilisema.

Aligeuza uso ukutani. Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu, bado unachoma kwa homa. Hakuutoa, wala sikujua kama ni kwa kutotaka au kwa kutoweza.